Tulidhani Amefukuzwa Chuo

Wazazi wenzetu, tuwaeleze kosa letu. Binti yetu anasoma shahada ya hisabati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, masomo ya miaka 3. Mwaka wa kwanza ulipoisha alishuka Boma Ng'ombe, akapanda gari la Sanya Juu, akaingia nyumbani bila furaha.

"Nimepata sapu ya aljebra," akasema.

Sisi tukasikia amefukuzwa. Na tulikuwa tumeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada! Wiki nzima hatukumsemesha ila kumtuma maji, na jirani mmoja akatangaza sokoni kwamba mtoto wetu amedisko.

Siku ya nane, tukichambua maharage, baba yake akamwuliza taratibu hiyo sapu ni kitu gani hasa. Akatueleza. Kazi za muhula zina alama 40, mtihani wa mwisho 60. Jumla ikiwa chini ya 40, somo hilo umeshindwa. Unaruhusiwa kurudia mtihani kabla ya mwaka mpya wa masomo, lakini hata ukifanya vizuri namna gani, utaandikiwa C tu. (Hilo lilituuma kidogo.) Kudisko ni jambo jingine: ni wastani wa masomo yote kushuka mno, na wake ulikuwa mzuri.

"Mbona hukutuambia mapema?"

"Mama, mlikuwa hamnisemeshi."

Tulinyamaza. Tangu jioni ile hakuchota maji tena. Meza ya sebuleni ikawa yake na karatasi zake mpaka siku ya safari.