Anzia Sokoni

Lubumbashi, komini ya Kenya
Mvua za kwanza

Mwanangu mpendwa,

Najua huko Dar es Salaam ukisema umezaliwa Kenya watu hufikiri Nairobi au Mombasa, na kila mara inakubidi ueleze upya kwamba ni komini ya Lubumbashi, jirani ya Kamalondo na Katuba, na kwamba sisi tuliozaliwa humo tunajua vizuri tunakotoka. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma na penseli mkononi, maana miaka 26 ya kuchora ramani haimtoki mtu siku anapokabidhi meza ya ofisi.

Umeniambia kwamba kazi yako ya kumalizia masomo itahusu kufufua kitovu cha mji wetu, hatua kwa hatua, kwa miaka 30 ijayo. Nimefurahi kiasi cha kushindwa kumaliza bukari, ugali wetu, iliyokuwa mbele yangu. Mama yako angekuwa hai angepita mtaa mzima akitangaza. Lakini umeandika pia kwamba utaanzia uwanja wa Posta, ilipo sanamu ya Tshombe, kisha uende ukipanua duara kuelekea nje. Hapo sikubaliani nawe, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu.

Tandaza ramani. Reli ilifika mwaka 1910 ikitokea kusini, na mwaka huohuo mtawala wa Kibelgiji, Émile Wangermée, akaamua mji ukae wapi na barabara zake zikatwe miraba. Mwaka uliofuata tanuri la shaba la kampuni ya Union Minière likawaka kando ya mto Lubumbashi. Ile miraba ilichorwa kwa ajili ya Wazungu. Babu zetu walioletwa kufanya kazi walikaa kwanza karibu yake, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakasogezwa mbali, wakajengewa sitee, yaani mtaa wa Waafrika, ya Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Kati ya sitee na mji wa Wazungu ukaachwa ukanda mtupu wenye upana wa karibu mita 700. Waliuita zone neutre, eneo lisilo la upande wowote. Walidai ni kwa ajili ya malaria, kwamba mbu hawezi kuruka umbali ule. Lakini maboi walilala ua mmoja na mabwana zao usiku kucha. Ukanda ule ulikuwa wa kutenga watu. Kenya yetu ikaja baada ya Albert, kisha Katuba na Ruashi, zote nje ya mji wa Wazungu.

Kwa hiyo ukiweka sindano ya bikari pale Posta na kuzungusha duara, mwanangu, unazungusha tena mkono wa Wangermée. Utakuwa umekubali kwamba kitovu ni pale alipokichora yeye, na sisi ni ukingo. Nenda Posta saa moja jioni. Maduka yamefunga, wafanyakazi wanagombea nafasi kwenye teksibasi za kurudi makwao. Panda nao, shukia soko la Kenya. Utakuta taa za betri zimewashwa mezani, nyama inachomwa, unga unapimwa kwa kopo, fundi cherehani anamalizia gauni la harusi ya kesho, muziki unatoka milango minne kwa pamoja. Watu wengi wa mji huu hununua, huuza, hukutana na huposana huku. Mji una vitovu viwili, na mpango wa miaka 30 utakaovaa miwani ya kuona kimoja tu utauacha mji nusu.

Sasa nikueleze soko, maana hili hawakufundishi kwa ramani. Unakumbuka meza ya mama yako? Ilikuwa ya mbao, upana wake haufiki mita moja, imekaa juu ya mawe manne. Juu yake samaki wakavu wa Kasenga, wamepangwa vichwa upande mmoja. Kila jioni samaki waliingia kwenye vikapu viwili na kwenda kulala kwenye chumba cha kupanga ndani ya lupango (kiwanja) ya jirani, hatua 64 kutoka mezani. Nilizihesabu mimi mwenyewe. Mwenye lupango alipata kodi, mlinzi wake alipata chochote, kijana wa mkokoteni alipata kazi siku za mzigo mkubwa, na mama mmoja nyuma ya ukuta aliuza maji ya kunawa na kukodisha choo. Meza moja ilikuwa na watu wanne nyuma yake.

Kisha wakaja watu wa ofisi, ofisi nisiyotaka kuitaja, wakawahamishia wauzaji wa safu ya mama yako mahali papya: sakafu ya saruji, paa la bati, namba zimeandikwa vizuri kwa rangi ya buluu. Umbali ulikuwa mita 300 hivi. Kwenye karatasi mita 300 si kitu. Kwa mama yako zilikuwa mkokoteni mara mbili kwa siku, na fedha ya mkokoteni ndiyo ilikuwa faida ya siku. Hakukuwa na chumba cha kuhifadhia, hakukuwa na choo, teksibasi hazikusimama pale. Miezi michache baadaye wote walikuwa wamerudi kando ya barabara, na wakubwa wakasema wanawake wa soko ni wakaidi. Nakuomba neno hilo lisionekane hata mara moja katika kazi yako. Soko ni vile vyumba vya lupango, maji, choo na kituo cha gari. Meza ni sehemu yake inayoonekana tu. Kabla ya kuchora paa, pima hatua kutoka kila meza hadi mzigo unapolala.

Hata Zanzibar waliliona hilo. Forodhani ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, walijenga ukuta wa bahari na njia mpya, lakini wachoma mishikaki na pweza wa usiku walirudishiwa nafasi yao. Nenda ukaketi pale jioni moja, ni safari ya boti tu kutoka ulipo. Na hapo Dar penyewe, pita Mnazi Mmoja kwa miguu ukitoka Kariakoo. Ule nao ulikuwa ukanda wa kutenganisha Waafrika na wengine, leo ni uwanja wa watu wote. Ukishaona hivyo, rudi na macho yaleyale kwenye ukanda wetu.

Kwa maoni yangu huo ndio kiini cha kazi yako. Ukanda wetu haukubaki mtupu. Hospitali ya Waafrika ilijengwa humo, ndiyo Sendwe ya leo, ulipozaliwa mdogo wako. Wachunguzi wa majengo wameandika jinsi hospitali zilivyoutoboa ukanda ule tangu wakati wa Wabelgiji wenyewe. Waliogawa hawakuweza kushikilia mgawo wao. Lakini alama imebaki: ukivuka kuja huku, lupango zinakuwa ndogo na barabara zinabanana. Mimi nimezichora, mkono wangu unajua ni wapi mistari inaanza kusongamana. Njia ya miguu yenye kivuli, ikitoka Posta, ikipita Sendwe, ikaingia Kenya hadi sokoni, ingeshona kile kilichokatwa. Jakaranda tunazo, udongo unazipenda.

Ila usianze na jakaranda, anza na kanivo. Huko mnaiita mtaro, sivyo? Barabara yetu iliwekwa lami kiangazi, upesi upesi, kukiwa na ngoma na hotuba siku ya kufunguliwa. Kanivo wakasema itafuata. Ilipofika Januari maji yalikuwa yanatembea katikati ya lami kama yenye njia yao, yakachimba ukingo, kipande kikang'oka, kisha kingine. Mvua ya hapa haina haraka ya kuondoka, tangu Novemba hadi Machi iko nasi. Mwaka wa pili tulikuwa tunaruka mashimo mengi kuliko wakati wa udongo, maana udongo angalau tulijaza wenyewe kwa koleo. Maji yanajua mwinuko kuliko mkuu yeyote. Chukua vimo vya ardhi kwanza, uone maji ya Kenya yanataka kwenda wapi, na uufikishe mtaro wako mtoni kabla hujaota lami. Kazi ya miaka mitano ya mwanzo haitaonekana kwenye picha yoyote. Lazima uiandike hivyo waziwazi, ili atakayetaka ngoma ajue mapema.

Kuhusu fedha, usiandike kana kwamba Lubumbashi bado ni makao makuu ya Katanga nzima. Mwaka 2015 mkoa uligawanywa kuwa mikoa minne, na mapato ya migodi ya Kolwezi yanaenda Lualaba. Mkoa wetu wa Haut-Katanga una ya kwake, lakini si kama zamani, na shaba hupanda na kushuka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya migodi ya Gécamines waliondolewa kwa mkupuo mmoja, baba yako akiwa miongoni mwao, na unajua meza ya samaki ilivyolisha nyumba baada ya hapo. Mpango unaosubiri kampuni moja kubwa ni mpango wa kulala njaa. Ushuru wa soko hukusanywa kila siku ya Mungu. Uliza unakwenda wapi, na upendekeze sehemu yake ibaki kwenye kanivo na vyoo vya soko hilohilo. Wauzaji wakiona fedha yao imekuwa mfuniko wa zege mbele ya meza yao, wao ndio watakaoulinda mpango wakati wakubwa wanabadilishana viti.

Na hati. Lupango nyingi hapa zimeshagawanywa kati ya ndugu, vyumba vya kupangisha vimejaa nyuma, karatasi ni za marehemu. Hakuna atakayejenga etaji (ghorofa) juu ya karatasi ya marehemu. Kupanga majina ni kazi ya miaka, nyumba kwa nyumba, na inataka mtu anayejua kuketi na kusikiliza ugomvi wa urithi.

Majengo ya zamani ya mjini, yaani kanisa kuu, sinagogi ya 1930, ukumbi wa tamthilia wa Claude Strebelle, ni mazuri na yanastahili kutunzwa. Yana watetezi wake tayari. Wewe watafute watu ambao hawajaulizwa. Profesa Dibwe dia Mwembu na wenzake wa chuo kikuu chetu, katika mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi, walianza kufanya hivyo mwaka 2000. Usome pia ile historia ya Elisabethville, jina la zamani la mji wetu, iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965, kwa Kiswahili chetu hiki cha hapa, na watu waliokuwa maboi. Hakuna ramani ya ofisi iliyowahi kunionyesha mji kutoka mlango wa jikoni.

Njoo Januari, usije kiangazi. Walimu wako watasema ni vigumu kupima kwenye mvua. Waambie ndiyo wakati maji yanapojichora yenyewe. Tutatoka Posta asubuhi kwa miguu, tupite Sendwe, tufike sokoni kabla ya saa sita. Kijana anayekaa mahali pa meza ya mama yako anauza chaji za simu, nimeshamwambia utakuja kumpimia hatua zake. Mita ya utepe ninayo, ile ya kazini, mita 50, namba zake bado zinasomeka. Wewe lete viatu vya mpira.

Mama yako mdogo