Chuma Kilicho Chini ya Jiwe

Ninapotembelea familia, mara nyingi nakaribishwa chai kwenye kaunta ya graniti jikoni. Inapendeza! Lakini mimi huinama kidogo nitazame chini yake. Mita moja ya mraba ya graniti yenye unene wa sentimita 3 ina uzito wa kilo 80 hivi. Jiwe huvumilia kukandamizwa, halivumilii kuvutwa. Mtoto akikalia ukingo unaoning'inia, upande wa juu ndio huvutika, na ufa huanzia hapo bila kupiga hodi.

Ukingo ukizidi sentimita 25 hivi, mwambie fundi aweke vyuma vya pembe, kimoja kila sentimita 60 hivi, vifungwe kwa bolti kwenye ukuta au kabati imara. Gundi peke yake haitoshi. Viwekwe kabla jiwe halijalazwa.

Wageni watasifu jiwe. Hakuna atakayesifu chuma. Hata katika familia yako yuko mtu anayebeba wengi kimya kimya. Leo mpigie simu, umshukuru. Kisha umuulize: "Na wewe, nani anakushika?"