Ndege Mvumaji na Msitu wa Mvua katika Kisiwa cha Tobago

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, karibu na pwani ya Venezuela, kiko kisiwa kidogo kiitwacho Tobago. Urefu wake ni kama maili 25, na upana wake kama maili 6. Wakazi wake wengi ni wa uzao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani kulima miwa. Siku hizi wageni hukiendea kisiwa hicho ili wamtazame ndege mdogo sana aitwaye mvumaji.

Mkulima wa Kenya amjuaye chozi, yule ndege anyonyaye maji matamu ya maua ya mgomba, aweza kudhani kuwa hao wawili ni ndugu. Sivyo. Mvumaji hupatikana katika nchi za Amerika tu. Tena chozi kwa desturi hutua kwanza ndipo anyonye, bali mvumaji husimama hewani mbele ya ua, mabawa yakienda upesi hata jicho lisiyaone, na sauti yake ni kama ya nyuki. Aweza hata kuruka kinyumenyume.

Kwa upande wa bahari, watu hupiga kasia katika kayaki, yaani chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, wakipita kati ya mikoko ya Bon Accord. Chombo hicho hakina mtambo, basi ndege hawashtuki. Katika nchi kavu iliyo karibu na pwani yuko mvumaji mwenye utosi mwekundu na koo la dhahabu. Kivulini huonekana mweusi tu. Jua likimpiga sawasawa, hung'aa kama kaa la moto.

Lakini mvumaji mwenye sifa kuliko wote hatafutwi kwa chombo. Huyo hukaa katika msitu wa Main Ridge, juu ya mgongo wa kisiwa, na amtakaye hana budi kwenda kwa miguu, akikanyaga matope katika njia iitwayo Gilpin Trace. Rangi yake ni kijani, koo lake samawati ya zambarau, na mkia wake una manyoya meupe kando.

Ndege huyo alikaribia kutoweka kisiwani. Tarehe 30 Septemba, 1963, tufani iliyoitwa Flora iliipiga Tobago, ikaangusha misitu pamoja na mashamba ya kakao na minazi. Miaka ikapita, na watu wakadhani kuwa mvumaji yule amekwisha. Ndipo mwaka 1974 akaonekana tena.

Alipataje mahali pa kurudi? Jibu lake ni la zamani. Mbunge mmoja wa Uingereza, Soame Jenyns, alikuwa amejifunza kwa mtaalamu Stephen Hales habari za miti na maji, akawasihi wenzake kwa miaka mingi waitenge milima ya Tobago. Tarehe 13 Aprili, 1776, sheria ikatolewa kwamba msitu ule usikatwe, ili kulinda mvua.

Waliotunga sheria hiyo hawakumfikiria ndege, wala hawakuwauliza watumwa shauri lao. Walitaka mvua kwa ajili ya miwa yao. Hata hivyo faida imewafikia wasiokusudiwa. Tufani ilipokwisha, ardhi ile ilikuwa bado ni ya msitu. Hakuna aliyeigawa kuwa mashamba, na miti ikachipuka tena. Leo wajukuu wa watumwa ndio wawaongozao wageni msituni, nao hupata riziki kwa kazi hiyo.

Ni kweli kwamba mtu mwenye watoto wengi na shamba dogo hawezi kuutazama mpaka wa msitu bila uchungu. Haja ya ardhi si jambo la kudharauliwa. Lakini habari za Tobago zafaa kupimwa na kila mkulima anywaye maji ya mto utokao msituni. Upepo huangusha miti, ukaiacha ardhi mahali pake, na msitu waweza kurudi. Jembe likiisha kuifuata shoka, hakuna ajuaye mtoto wa nani atauona msitu huo tena.