Kelele ya lori letu

Mnaotukodi kupamba kumbi mnalijua lori letu kuukuu la dizeli, lile la kubebea viti na mapambo. Wiki ya harusi mbili lilianza kulia tak-tak-tak kila alfajiri. Fundi wa kwanza alisikiliza dakika moja tu: injini imenoki, ishushwe. Bei aliyotaja ilitosha kumaliza upatu wetu wote, na malipo ya awali ya mabibi harusi ni amana, hatuyagusi.

Tukaanza kusikiliza wenyewe. Mafuta ya injini yalikuwa sawa. Kelele ilikuwa kali injini ikiwa baridi, ikizidi lori likipanda na mzigo, kisha ikififia tukikaribia mjini. Hapo tukashuku. Beringi iliyoliwa haina tabia hiyo. Mafuta yakipata moto yakawa mepesi, ndipo inapogonga zaidi, tena kwa sauti nzito.

Mzee mmoja fundi alitukatia kipande cha mpira wa maji. Ncha moja sikioni, nyingine tukaipitisha pembeni mwa injini, mbali na feni (na mabaibui tumeyafunga vizuri, jamani!). Penye kiungio cha bomba la moshi, hiyo hapo! Na masizi meusi yamejipaka. Gasketi imeungua, chuma kikipata moto kilitanuka kikaziba upenyo, ndiyo maana ilikuwa ikinyamaza.

Gasketi mpya, boliti mbili, saa chache. Ijumaa viti vilifika ukumbini kabla ya Alasiri, alhamdulillah.