Protini ya polepole si mvivu

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo ni protini, na siongelei ile poda ya jimu.

Protini huanza kama uzi mrefu, halafu uzi unajikunja upate umbo ndio ufanye kazi. Zamani wanasayansi walipima molekuli mabilioni pamoja, kwa chupa moja. Shida ni kwamba hapo unapata wastani. Nusu zikiwa zimejikunja na nusu bado, zote zinaonekana zimejikunja nusu, na hakuna hata moja iko hivyo. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili juu ya karo. Tangu hapo napimwa na wastani: "Wa rika lako wote washamaliza." Ndio maana hii kitu ilinishika.

Siku hizi wanaangalia moja moja. Wanabandika rangi mbili kwa protini moja, kisha wanapiga ya kijani na leza. Zikiwa mbali, inawaka kijani. Zikikaribiana, nishati inaruka kwa jirani bila hata kugusana, na jirani anawaka nyekundu. Hesabu yake ilifanywa na Mjerumani, Theodor Förster, miaka ya 1940. Ni kama rula ya nanomita 2 hadi 10, na DNA yenyewe ina upana wa karibu nanomita 2! Unahesabu fotoni moja baada ya nyingine, mbio mbio, kabla leza haijaunguza rangi.

Mwaka 2012, William Eaton na wenzake kule NIH, Marekani, walilinganisha protini mbili, moja ya kasi na moja ya polepole. Kasi zao zilipishana mara 10,000. Lakini kile kitendo chenyewe cha kujikunja, muda ulipishana chini ya mara 5. Ni mambo ya mikrosekunde.

Chukua watu wawili wametoka mtaani pamoja asubuhi. Mmoja anafika Tao saa moja, mwingine saa tatu, na kila gari imechukua dakika arobaini barabarani. Huyo wa pili alikaa tu kwa steji, gari haijai.

Na msiniambie "tulia, zamu yako itafika." Utafiti hausemi hivyo. Protini ya polepole ina mlima mkubwa zaidi wa nishati wa kuvuka. Inajaribu, inarudi, inajaribu tena, na mlima haupungui eti kwa sababu imevumilia. Karo nayo haijapungua.

Kama uko chuo na umewahi kushika hizo mashine, niandikie. Nataka kujua rangi hukaa muda gani kabla ziungue.