Namba 3.000.000 na Noti za Wazee Wetu



Siye wapenzi wa hesabu tumechagua kuwaletea namba moja tu: 3.000.000. Wengi wanaiona ni 3 na zero sita, basi. Lakini namba hii iliingia mifukoni mwa watu. Mwaka 1993 serikali ya Zaire ilitoa feza mpya, na zaire moja mpya ilikuwa sawa na zaire 3.000.000 za zamani. Hatukuwa tumezaliwa, lakini wazee wetu wa Fizi na Baraka walihesabu feza hizo kwa vidole vyao.

Tuivunje. Milioni moja ni 2⁶ × 5⁶. Zile 2 na 5 ndizo zinazozaa zero. Milioni tatu ni 2⁶ × 3 × 5⁶. Ina vigawanyo 98. Milioni moja ni mraba, 1.000 × 1.000, lakini milioni tatu si mraba, kwani ile 3 iko peke yake, haina mwenzake. Na ndiyo iliyoleta matata.

Noti zote za zaire zilianza na 1, 2 au 5, kisha zero. Mnajua sheria: jumlisha tarakimu, na kama jumla haigawanyiki kwa 3, namba yenyewe haigawanyiki. Basi hakuna noti hata moja iliyogeuka sawasawa! Tazameni ile ya 5.000.000. Ilitoka mwisho wa 1992, wafanyabiashara wakaikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa nayo wakafanya fujo Kinshasa. Igawanye: 1,666… haina mwisho. Likuta moja jipya lilikuwa zaire 30.000 za zamani. Kwa hesabu, mwenye noti moja anapata zaire mpya 1 na makuta 66, na zaire 20.000 zinabaki hewani. Mwenye noti tatu anapata zaire mpya 5 kamili. Yaani maskini mwenye moja ndiye anayepoteza kipande!

Siye tunaona wangechagua 1.000.000 tu. Mama wa sokoni angefuta zero, bila kalamu.

Mwaka 1998 walifanya karibu hivyo: franka moja ya Kongo kwa zaire mpya 100.000. Hata hivyo ile 3 haikutoka. Franka moja ikawa zaire 300.000.000.000 za kwanza, ndiyo kusema noti 60.000 za milioni tano. Namba hiyo ina vigawanyo 288. Asiyesadiki azidishe 12 × 2 × 12, halafu atueleze hizo 12 zimetoka wapi.