Darubini ya Bei Nafuu na Pete Zake

Mwaka 2003 nilikuwa nakaa Lexington, katika jimbo la Kentucky, Marekani, nikifanya kazi ya zamu kiwandani. Jirani yangu alikuwa mzee mstaafu wa reli, mwindaji wa kindi tangu utotoni. Kule kindi ni kitoweo. Msimu wake hufunguliwa Agosti, majani yakiwa bado yamejaa mitini, na wazee huanza kuuzungumzia Julai. Huyo mzee ndiye aliyenipeleka kwenye mafunzo ya uwindaji, ambayo sheria ya jimbo inayadai kwa kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1975. Nilipopata cheti na leseni, akanisaidia kutafuta bunduki.

Tulipata Marlin Model 60 iliyokwisha kutumika, ya risasi ndogo ya .22 Long Rifle. Risasi hiyo ipo tangu 1887. Dawa ya kuiwasha haiko katikati ya kitako chake kama ilivyo kwenye risasi kubwa. Imewekwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huugonga ukingo huo. Ili ukingo upondeke, ganda lazima liwe jembamba, na ganda jembamba halihimili baruti nyingi. Kwa hiyo teke lake begani ni dogo, mlio wake ni mdogo, na wakati ule boksi la risasi 50 lilinunuliwa kwa dola chache tu.

Nilikulia Tabora, na wawindaji niliowajua utotoni walibeba gobore. Sifa ya mtu ilikuwa kunyemelea: alimkaribia mnyama mpaka ikawa vigumu kumkosa. Kindi wa Kentucky hakupi nafasi hiyo. Yuko juu ya mti, yadi 30 au 40 kutoka ulipo, rangi yake ni ya gome la mti, na anakuona kabla hujamwona. Mzee alikuwa na sharti moja asilolilegeza: piga kichwa, au usipige. Upana wa kichwa kile haufiki hata sentimita tano, na kwa umbali huo shanga ya shabaha iliyo mbele ya mtutu hukifunika karibu chote. Ndipo akasema, “Mwanangu, bunduki unayo. Sasa tafuta macho yake.”

Fedha yangu ilikuwa kidogo, na nyingine ilikuwa ikienda nyumbani kila mwezi. Niliposimama mbele ya kabati la vioo dukani nilivutiwa, kama wateja wengi, na darubini kubwa zenye tarakimu kubwa: zinazokuza mara 12, mara 16, zenye lenzi ya mbele pana kama mdomo wa kikombe. Baadhi yake ziliuzwa kwa bei ya chini ajabu. Mzee hakunikataza. Alinialika nyumbani kwake, akatoa bunduki yake ya kulungu iliyofungwa darubini ya aina hiyo, akaiondolea risasi zote na kuikagua mara mbili, akailaza imara juu ya mifuko ya mchanga ikiwa imeelekezwa kwenye karatasi ya shabaha yadi 25 mbele yetu. Akaniambia nichungulie bila kuigusa, kisha nisogeze kichwa taratibu kushoto na kulia.

Bunduki haikutikisika, lakini msalaba wa ndani ya darubini ulitembea juu ya karatasi.

Hiyo ndiyo paralaksi. Kila darubini ya kawaida hutengenezwa ikiwa imepangwa kwa umbali mmoja, ambapo taswira ya shabaha na nyuzi za msalaba hukutana mahali pamoja ndani ya bomba. Za bunduki kubwa kwa kawaida hupangwa yadi 100 au zaidi. Za risasi ndogo hupangwa yadi 50 au 60. Chukua darubini ya yadi 100 yenye lenzi ya milimita 40, uitumie yadi 25: jicho likiwa pembeni kabisa, msalaba unaweza kukudanganya kwa kiasi cha sentimita moja na nusu. Kwa kulungu hiyo si kitu. Kwa kichwa cha kindi ni tofauti kati ya mnyama aliyekufa papo hapo na mnyama aliyejeruhiwa taya, akaenda kufia shimoni kwa maumivu.

Tangu siku ile nilisoma maandishi madogo ya kwenye boksi kabla ya kutazama tarakimu kubwa. Nilitafuta mambo matatu: iwe imepangwa kwa risasi ndogo, kioo kiwe safi kwenye mwanga hafifu wa alfajiri, na bomba liwe na kipenyo cha inchi moja. Hilo la tatu lina sababu. Zilikuwapo darubini za bei ya chini kabisa zenye bomba la robo tatu ya inchi. Ndani yake ni giza, na pete zake ni za kwake peke yake. Bomba la inchi moja hukufungulia mlango wa pete za kila aina. Ukuzaji wa mara 4 ulinitosha. Risasi ya .22, bunduki ikiwa imerekebishwa kwa yadi 50, huwa imeshuka kama inchi sita ifikapo yadi 100. Ya nini kuona mbali ambako risasi yako haifiki kwa uhakika?

Jimbo lenyewe lina historia katika jambo hili. Mwaka 1930, katika mji wa Newport, Kentucky, ng'ambo ya mto Ohio kutoka Cincinnati, kijana aitwaye William Weaver alianza kutengeneza darubini aliyoiita 330 na kuiuza dola 19 pamoja na kishikio chake, wakati ambapo darubini nyingi nzuri zilikuwa za watu wenye uwezo. Mwaka 1933 alihamishia kazi yake El Paso, Texas. Mzee alimtaja kwa heshima. Alisema watu wa hali yake walianza kuona vizuri porini kwa sababu ya huyo mtu.

Zikabaki pete, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Pete ndizo zinazoishika darubini juu ya bunduki, na wengi huzikumbuka mwisho, fedha ikiwa imekwisha. Marlin yangu ilikuwa na mifereji miwili iliyochongwa juu ya chuma chake, na chuma kilicho kati yake kilikuwa na upana wa sehemu tatu kati ya nane za inchi, yaani milimita 9.5 hivi, ilhali bunduki nyingi za Ulaya hutumia milimita 11. Pete za mifereji hiyo hubana moja kwa moja kwa makucha yake. Pete za Weaver, au za reli ya Picatinny, huhitaji reli yenye mikato ya kukingama, na hazishiki mfereji mtupu. Kwa hiyo kwanza unaitazama bunduki, kisha unanunua pete. Nilichukua pete za chuma cha pua, fupi kadiri ilivyowezekana, lenzi ya mbele isiguse mtutu. Darubini ikikaa chini, shavu hutulia juu ya mbao ya kitako cha bunduki na jicho hurudi mahali palepale kila mara. Na jicho lililotulia hupunguza paralaksi pia.

Tuliifunga barazani kwake. Tulifuta mifereji na skrubu kwa spiriti mpaka mafuta yakaisha. Tuliweka nusu za chini, tukalaza darubini, tukaisogeza mbele na nyuma mpaka picha ikajaa duara lote, jicho likiwa inchi tatu hivi nyuma ya kioo. Kisha mzee akaning'iniza uzi wenye nati nzito kwenye mti wa uani, nasi tukaulinganisha uzi wa wima wa msalaba na ule uzi. Skrubu tulizikaza kidogo kidogo, kwa kupishana, nafasi za pande zote mbili za pete zikibaki sawa. Alishika mkono mfupi wa spana ya alenki kwa vidole viwili tu. Bomba ni la alumini. Ukilibana kwa nguvu zote linapondeka, na vilivyomo ndani haviendi tena sawa.

Kwenye uwanja wa shabaha tulianza yadi 25, ndipo tukaenda 50. Kila mdokoo wa kirekebishi cha darubini, yaani hatua yake moja, ulihamisha risasi robo inchi kwa yadi 100, kwa hiyo inchi moja ilidai midokoo 16 kwa yadi 25 na minane kwa yadi 50. Tulijaribu risasi za watengenezaji kadhaa, maana kila mtutu wa .22 una risasi inayoupenda, na ya bei kubwa si lazima iwe ndiyo hiyo. Tulipoipata, matundu yalikaa pamoja hata sarafu ya senti 25 ikakaribia kuyafunika yote.

Mzee aliongeza sheria mbili ambazo ningependa kila mwenye bunduki azishike. Kwanza, darubini ya bunduki si ya kumtambulia mtu. Ukitaka kujua nani anapita, tumia macho au darubini ya mkononi, kwa sababu kinapoelekea kioo ndipo unapoelekea mtutu. Pili, kindi akiwa juu ya mti, subiri mpaka shina au tawi nene liwe nyuma yake. Risasi ndogo iliyorushwa hewani huweza kwenda zaidi ya maili moja, na huko iendako kuna nyumba za watu.

Vijana wetu walioko Marekani huniuliza wanunue nini kwa fedha kidogo. Nawajibu: gawa fedha yako kabla hujaingia dukani. Tenga ya pete kwanza, kisha ya risasi za kutosha kufanyia mazoezi, na itakayobaki inunue darubini ndogo, safi, iliyotengenezwa kwa ajili ya risasi ndogo. Pete imara chini ya darubini ya kawaida zitakupa shabaha ileile leo na mwakani. Darubini ghali juu ya pete legevu haikupi hata hiyo ya leo, na mwenye kulipa gharama ya tofauti hiyo ni mnyama.